Mwenzako kahama, bili imebaki: nani analipa nini?

Watu watatu wamepanga nyumba pamoja Tabata au Sinza. Mmoja kapata kazi Dodoma, kafunga mizigo, kaondoka. Wiki chache baadaye inaingia ankara ya maji ya zaidi ya laki moja, tokeni ya umeme ya elfu kumi inatoa uniti pungufu kuliko walivyozoea, na mzoa taka anadai miezi mitatu. Aliyehama hapokei simu, waliobaki wanatupiana lawama, na mwenye nyumba anasema hayo ni ya kwao wenyewe. Hapo ndipo urafiki wa miaka unapovunjika kwa sababu ya fedha ambazo, zikikaliwa na kalamu na karatasi, hugawanyika kwa nusu saa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba bili moja isiyolipwa katika nyumba ya kuchangia huwa imebeba madeni matatu, na kila moja lina mdai wake.

La kwanza ni la mtoa huduma. Huyu anaangalia jina lililo kwenye akaunti, basi. Katika nyumba nyingi za kupanga, akaunti ya maji na mita ya umeme vimeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, haijui kwamba mmehamia watatu wala kwamba mmoja kaondoka. Inamjua mwenye akaunti, na siku ikikata maji inayakata kwa nyumba nzima, aliyelipa na asiyelipa.

La pili ni la mwenye nyumba dhidi ya waliosaini mkataba wa pango. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema watu walioahidi kitu kwa pamoja, mdai anaweza kumdai yeyote kati yao deni zima, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine. Kwa hiyo kama mlisaini watatu, na mkataba ukasema wapangaji watalipia maji, mwenye nyumba ana haki ya kumshika aliye karibu na kumwambia alipe yote. Kumjibu "mimi nimeshatoa theluthi yangu" hakumzuii. Ila sheria hiyohiyo inampa aliyelipa zaidi haki ya kuwageukia wenzake wachangie, kila mmoja sawa na mwenzake kama hawakupatana mgawo mwingine. Na kama kasaini mmoja tu, huyo ndiye mpangaji machoni pa mwenye nyumba. Wenzake wanadaiwa na yeye.

La tatu ndilo la ndani, kati yenu wapangaji. Hili halihitaji karatasi yenye mhuri ili liwepo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na ujumbe wa kundi la WhatsApp unaosema "maji tunagawana watatu, umeme kila mtu elfu kumi kwa mwezi" ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Ukishayatenganisha hayo, utaratibu unajitokeza wenyewe: lizimeni la nje kwanza, la ndani lidaiwe baadaye kwa utulivu. Maji yakikatwa kuna gharama ya kurudishiwa juu ya deni lenyewe, na anayeteseka ni aliyebaki. Kulipa fungu la mwenzako hakumaanishi umemsamehe. Siku hiyohiyo ya kulipa, mwandikie: kiasi ulicholipa, tarehe, namba ya risiti, na sehemu iliyo yake. Ukikaa kimya miezi sita ndipo udai, atasema ulimlipia kwa hiari, na utakosa cha kumwonyesha.

Umeme: LUKU haikopeshi, lakini ina madeni yake

Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa LUKU, mita ya umeme ya tokeni, ni ya kulipia kabla, hakuna deni linaloweza kujificha humo. Lipo, tena la namna mbili.

Namna ya kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 Serikali inaikusanya kupitia manunuzi ya umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Kwa nyumba ya ghorofa mijini ni shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Usiponunua umeme mwezi mzima haifutiki, inajilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu miezi minne, mpangaji mpya akinunua tokeni yake ya kwanza anakatwa 6,000 za miezi hiyo, pamoja na 1,500 ya mwezi wenyewe, kabla hajapata hata uniti moja. Na kodi hii kisheria ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayekatwa anakuwa amemlipia mwenye nyumba, na anayo haki ya kupatana naye zipunguzwe kwenye pango: 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Si fedha nyingi, lakini tunza zile SMS, maana siku ya kupiga hesabu na mwenye nyumba zinasimama upande wako. Kumbuka pia kodi ni ya jengo. Nyumba moja yenye mita tatu zote zikawa zinakatwa, mwenye nyumba ndiye wa kwenda kuomba kurekebishiwa.

Soma risiti moja kwa makini, uone fedha zinavyokwenda. Umenunua umeme wa 10,000 kwenye mita ya tarifu (kundi la bei) ya kawaida, T1, ambayo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwanza inatoka kodi ya jengo 1,500, zinabaki 8,500. Humo mna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22 juu ya bei ya umeme. Gawanya 8,500 kwa 1.22, unapata takribani 6,967. Gawanya kwa 292, unapata uniti 23.9. Mwenzako akinunua za 10,000 hizohizo wiki mbili baadaye anapata uniti 28.1, kwa kuwa kodi ya jengo ya mwezi ule imeshakatwa kwako. Hakuna aliyeiba umeme. Lakini kama mnapokezana kununua na ni wewe kila mara unayeanza mwezi, basi ni wewe unayelipa kodi ya jengo ya nyumba nzima.

Kwa nyumba zilizobaki kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, D1, mambo yanageuka kabisa, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa "umeme wetu unaliwa" unapozaliwa. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, yaani 122 ukijumlisha zote. Kuanzia uniti ya 76 bei ni 350, yaani 427. Ukiacha kodi ya jengo, anayenunua wa kwanza kwa 9,150 anapata uniti 75. Anayenunua wa pili mwezi huohuo kwa 10,000 anapata uniti 23 na kitu. Kwa hiyo msigawane kwa kuhesabu uniti kila mtu alizoingiza. Jumlisheni fedha zote zilizonunua umeme mwezi huo, mgawane fedha. Na watu watatu wenye friji na pasi hawawezi kukaa ndani ya uniti 75; mita itahamishiwa T1, wala si adhabu.

Namna ya pili ya deni la LUKU ni lile lililofungwa kwenye mita yenyewe: deni la zamani la mwenye nyumba, au gharama aliyotozwa baada ya mita kukutwa imechezewa. Kila ukinunua, sehemu ya fedha inakatwa kulilipa, na inaandikwa kwenye ujumbe wa tokeni. Ukiona makato mbali na kodi ya jengo, nenda ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, na namba ya mita, uulize deni ni la lini na la nini. Kama tarehe yake ni kabla hujahamia, ni la mwenye nyumba. Msimkaribishe kishoka, fundi wa umeme asiye rasmi, anayeahidi "kulisafisha". Mita ikikutwa imeguswa, mnaokutwa ndani ndio wa kwanza kuhojiwa, hata kama waliofanya walihama zamani.

Kuhusu nani anatumia zaidi, hesabu ipo na haihitaji fundi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Angalia kibandiko nyuma ya kifaa, zidisha wati kwa saa za kukitumia, gawanya kwa 1,000. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila siku ni uniti 1.5 kwa mwezi. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa nane ni uniti 14.4. Heater au birika la wati 1,500 kwa dakika 20 kila siku ni uniti 15. Friji huwaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo hesabu ya wati kwa saa 24 inaizidishia. Ifungie mita ndogo wiki moja mpate jibu la kweli. Ugomvi wa taa, ambao ndio wa kila siku, ni ugomvi wa shilingi mia chache. Kaeni muongelee vifaa vya kuchemsha na vya kupoza.

Maji ndiyo yenye deni halisi

Maji yanatumika kwanza, bili inakuja baadaye. Hiyo ndiyo sababu aliyehama huacha deni la maji mara nyingi kuliko la umeme: bili ya mwezi wake wa mwisho haikuwa imetoka siku anafunga mlango.

Anzeni na mita. Tarakimu nyeusi ni uniti za maji, na uniti moja ni lita 1,000. Tarakimu nyekundu ni sehemu ya uniti, na bili haizihesabu. Linganisheni namba nyeusi na "usomaji wa sasa" ulioandikwa kwenye ankara. Kama ankara inasema 1,284 na mita inasoma 1,251, mmetozwa maji ambayo hayajapita. Pigeni picha mita ikiwa na namba yake ya utambulisho, mpeleke ofisi ya mamlaka ya maji mwombe isomwe upya. Kama mita na ankara vinakubaliana lakini bili ni kubwa isivyo kawaida, fungeni mabomba yote ya nyumba na mtazame mita kwa dakika kumi. Kidude kidogo kinachozunguka kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni tangi la choo cha kuvuta: boya likichoka au raba ya chini ikiisha, maji hutiririka ndani ya bakuli kimya kimya usiku kucha. Tia rangi kidogo au majani ya chai yaliyokolea ndani ya tangi, msivute choo kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli mmempata mwizi wenu. Uvujaji kabla ya mita ni wa mamlaka, baada ya mita ni wa nyumba. Na ukiwa wa nyumba, bomba lililooza chini ya sakafu ni la mwenye nyumba, si la kugawana wapangaji. Mjulisheni kwa maandishi siku mnapogundua, kwa sababu maji yaliyopotea baada ya hapo yeye akizembea ni hoja yenu nzito.

Sasa mgawo. Tuseme Rehema, Happy na Zawadi wanaishi pamoja. Bili za miezi mitatu hazijalipwa: Machi 42,000, Aprili 48,000, Mei 54,000, jumla 144,000. Zawadi kahama Aprili 15. Waliobaki wanataka alipe theluthi, 48,000. Yeye anasema hadaiwi kitu kwa kuwa ankara zilitoka kahama. Wote wamekosea.

Machi walikuwepo watatu, kila mmoja 14,000. Aprili hesabuni siku za watu: Rehema siku 30, Happy 30, Zawadi 15, jumla siku 75. Gawanya 48,000 kwa 75, kila siku ya mtu ni 640. Zawadi 9,600, wenzake 19,200 kila mmoja. Mei walibaki wawili, 27,000 kila mmoja. Zawadi anadaiwa 23,600, Rehema na Happy 60,200 kila mmoja, na ukijumlisha unarudi kwenye 144,000 kamili. Kanuni hii ya siku za watu inatatua pia suala la mgeni. Mchumba aliyekaa wiki mbili anaongeza siku 14, na siku hizo zinaingia kwenye fungu la aliyemkaribisha. Mtu aliyesafiri siku tatu, tungeshauri mmsamehe hesabu. Mkianza kukatana siku mbili tatu hamtafika mwisho.

Kama kuna bei ya kudumu ya huduma ndani ya ankara isiyotegemea matumizi, igawanywe sawa kwa vichwa vya waliokuwa na chumba mwezi huo, hata kama mmoja alikuwa safarini mwezi mzima. Chumba chake kilikuwa chake.

Jambo la mwisho kuhusu maji, na limeumiza watu wengi: msimpe mwenye nyumba au dalali fedha taslimu "akalipe". Ankara ina namba ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipeni wenyewe kwa namba hiyo, kwa simu au benki, fedha zinaingia serikalini moja kwa moja na risiti inabaki kwenu. Kabla ya kuthibitisha, jina linalotokea kwenye skrini lazima lifanane na jina la kwenye ankara. Mkishindwa kulipa yote, mmoja wenu aende ofisini kabla ya kukatiwa, aombe kulipa kwa awamu. Msipokubaliana na ankara na mamlaka haiwasikilizi, malalamiko yanaweza kwenda EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kuwasaidia. Lakini wataanza kuuliza mlishalalamika kwa mtoa huduma na jibu lilikuwa nini. Kwa hiyo andikeni, mpate mhuri wa kupokelewa.

Zanzibar majina ni mengine, ZECO kwa umeme na ZAWA kwa maji, na sheria zake ni za kwake, ila hesabu ya siku za watu haibadiliki.

Vidogo vidogo

Hela ya taka, ya ulinzi shirikishi, na gari la kunyonya majitaka: mbili za kwanza ni za mwezi, zigawanywe kwa walio ndani mwezi huo. La majitaka ni tofauti, kwa sababu shimo lililojaa leo lilijazwa na watu wa mwaka mzima. Mkataba wa pango ndio useme ni la nani, na usiposema, mwenye nyumba achangie, maana alikabidhi nyumba shimo likiwa na kitu tayari. King'amuzi hulipiwa kabla, hakina deni. Intaneti ya waya yenye mkataba ni ya aliyesaini. Akihama bila kuihamisha jina au kuifunga, bili inaendelea kumfuata yeye hata kama wanaoitumia ni wengine. Afunge kwa barua, apate uthibitisho.

Kumdai aliyeondoka

Kabla ya kumpigia mtu simu kwa hasira, weka mezani vitu vinne: mkataba wa pango, ankara zenyewe, risiti au SMS za malipo, na ujumbe wowote unaoonyesha mlivyopatana kugawana na tarehe aliyohama. Ujumbe wake wa "nimeshafika Dodoma salama" wenye tarehe unatosha kuthibitisha siku ya kuondoka. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Nenda na simu yenyewe pamoja na nakala zilizochapishwa.

Kisha mwandikie. Ujumbe wa madai mzuri ni mfupi na hauna matusi:

"Habari Zawadi. Ankara za maji za Machi hadi Mei zilifika 144,000, nimezilipa zote tarehe 10 Juni, risiti nimeambatisha. Kwa hesabu ya siku ulizokuwepo hadi Aprili 15, fungu lako ni 23,600. Mchanganuo uko hapa chini. Naomba unitumie kwa namba hii kabla ya tarehe 25 Juni. Ukiona hesabu ina kasoro, niambie wapi turekebishe. Ukihitaji kulipa mara mbili, niambie tarehe."

Sentensi ya kasoro ndiyo muhimu kuliko zote. Akijibu "nitalipa mwisho wa mwezi" amekiri deni kwa maandishi. Akijibu kwamba alihama tarehe 12 wala si 15, mnabishania siku tatu, yaani chini ya shilingi 2,000, na deni lenyewe amelikubali.

Asipojibu, panda ngazi moja moja. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa hawatoi hukumu, lakini wanaita watu, wanasikiliza, na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa mbele yao yana uzito. Madeni mengi ya kiasi hiki huishia hapo, na ndipo yanapostahili kuishia. Likishindikana, madai ya fedha kati ya wapangaji ni kesi ya madai ya Mahakama ya Mwanzo: unafungua pale anapoishi mdaiwa, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na huhitaji wakili. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, ila usiutumie muda huo kulala. Pima pia nauli na siku za kuhudhuria: kwa 23,600 mahakama haina faida, kwa laki tano ya pango na bili inaweza kuwa nayo. Kama utategemea mkataba wa pango kama ushahidi, hakikisha umelipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Usiolipiwa unaweza kukataliwa mpaka ulipiwe.

Mgogoro wenu na mwenye nyumba kuhusu upangaji unafuata njia nyingine: usuluhishi wa Baraza la Kata kwanza, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu, na likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msomaji wa Kenya ana njia fupi zaidi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60.

Kuna mambo matatu watu hufanya kwa uchungu na yakawageukia. Kuzuia godoro, jiko au begi la mdaiwa mpaka alipe: hujapewa mamlaka hayo na mtu yeyote, na yeye ndiye atakayekwenda polisi kukushtaki. Kwenda polisi "wakamkamate": deni la bili ni la madai, si kosa la jinai, na polisi si wakusanya madeni. Na kuweka picha yake au kitambulisho chake cha NIDA kwenye makundi ya WhatsApp ukimwita tapeli: tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na fidia anayoweza kudai inaweza kuizidi ile bili mara nyingi.

Siku ya kukabidhi chumba

Anayehama na wanaobaki wasome mita ya maji pamoja, wapige picha namba nyeusi na namba ya utambulisho wa mita, waitume kwenye kundi siku hiyohiyo ili ipate tarehe. Kisha wakadirie bili ambayo haijatoka: uniti zilizotumika tangu usomaji wa ankara ya mwisho, mara bei ya uniti iliyo kwenye ankara hiyo, gawanya kwa siku za watu. Anayeondoka aache kiasi hicho kabla ya kukabidhi funguo. Ikizidi arudishiwe, ikipungua aongeze. Uniti za LUKU zilizobaki kwenye mita nazo ni fedha: kama zimebaki 40 na ni mchango wa wote, theluthi ni yake, na inakatwa kwenye deni lake la maji. Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi moja, kila mtu asaini, na mwenye nyumba apewe nakala yenye tarehe ya kuondoka, hasa kama jina la anayehama liko kwenye mkataba. Bila nakala hiyo mwenye nyumba anaweza kuendelea kumhesabu kuwa mpangaji mpaka mkataba uishe.

Mwisho, ulizeni SMS za ankara ya maji zinaingia kwenye simu ya nani. Mara nyingi ni namba ya yule aliyeshughulikia mwanzo, na akihama anahama nazo. Waliobaki wanadhani bili haijatoka, kumbe imetoka miezi minne mfululizo kwenye simu iliyoko Dodoma. Nendeni ofisi ya mamlaka ya maji na namba ya akaunti, mbadilishe namba ya simu wiki hiyohiyo, na mkiwa pale mwombe taarifa ya deni hadi siku hiyo.